Kununua kwadi ya mtumba kwa kazi ya shamba, Lubumbashi

Kwadi ni ile pikipiki nzito ya magurudumu manne, yenye mipira minene, usukani wa pikipiki na kiti cha mtu mmoja. Sasa zinauzwa mojamoja, kuukuu, na sisi wenye mashamba upande wa Kasenga, Kipushi na Likasi tunazitamani. Mimi nimenunua mbili. Ya kwanza ilikufa wiki ya sita. Ya pili ina mwaka wa tano shambani na bado inavuta maji kila asubuhi. Bei zao zilikaribiana. Kilichozitenganisha ni vumbi, na nitaeleza. Ninamwandikia mtu ambaye amekusanya fedha yake polepole na hana nyingine ya kukosea.

Hatua ya 1: Anzia shambani mwako

Kabla ya kumpigia simu muuzaji yeyote, tembea shamba lako ukiwa na kalamu. Andika mzigo unaobebwa, uzito wake, umbali wake, na njia unayopita. Shamba langu ni hekta nane, na bustani ya mboga iko mita mia sita kutoka kwenye kijito. Kiangazi kikikolea, bustani ile inakunywa bido ishirini kwa siku, yaani madumu ya lita 20. Hizo ni kilo 400 za maji, zilizokuwa zikipanda mlima juu ya vichwa vya akina mama wanne. Ni wao niliowafikiria nilipoanza kutafuta kwadi, na hadi leo nikiona trela inapanda na mapipa, moyo wangu unatulia.

Ukishaandika, linganisha na uwezo wa chombo. Kwadi ya kazi ya cc 250 hadi 400 hubeba takriban kilo 30 kwenye keria ya mbele na kilo 60 kwenye keria ya nyuma. Kipimo chake kamili kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na keria. Kwa hiyo ni mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 nyuma, mfuko wa unga wa kilo 25 mbele, na hapo umefika. Au bido tatu nyuma. Kinachobaki kinapanda trela. Trela nayo ina kikomo, kwa sababu ukiteremka na pipa la lita 200 lililojaa, hizo ni kilo 200 zinazokusukuma mgongoni, na maji yanacheza ndani.

Sasa niseme wazi: kama njia yako ni pana na imara, na kazi yako kubwa ni kupeleka mahindi au makala (mkaa) sokoni, achana na kwadi, nunua pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu. Inabeba zaidi, na piesi zake, yaani vipuri, ziko kila mahali. Kwadi inastahili fedha yako pale penye visiki, tope la Januari, na njia nyembamba inayozunguka vichuguu. Kwetu kichuguu kimoja kinaweza kuwa kikubwa kuliko nyumba, na hakuna anayekiondoa ili gari lipite.

Hatua ya 2: Jiulize nani ataifungua injini

Mafundi wa pikipiki wako kila kona ya mji, kwenye komuni za Kenya, Katuba, Ruashi, Kampemba. Mikono yao imezoea pikipiki za TVS za Kihindi na za Kichina. Mafundi wanaoijua kwadi ni wa kuhesabu. Kwa hiyo, kabla hujavutiwa na rangi au ukubwa, fahamu aina tatu utakazokutana nazo.

Kuna za Kichina za cc 150 hadi 250. Nyingi za 200 na 250 zina injini ya jamii ya CG, uzao wa ile Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976 na kusifiwa kwa kutochoka. Injini za jamii hiyohiyo zimo kwenye pikipiki nyingi za mizigo za magurudumu matatu, kwa hiyo pistoni, segmenti (pete za pistoni), klachi na kabureta utavipata mjini bila safari. Udhaifu wake uko chini: fremu nyepesi, beringi za bei rahisi, mnyororo unaokula vumbi. Ukiletewa ya cc 110, kataa hata kama inang'aa. Hiyo ni ya watoto kuchezea.

Kuna Honda za zamani. FourTrax 300, iliyotengenezwa kuanzia 1988 hadi 2000, haina mnyororo. Nguvu inakwenda kwenye magurudumu kwa shafti iliyofungwa ndani. Ina gia tano za mbele na ya kurudi nyuma, klachi inajifanyia kazi yenyewe, na injini inapozwa kwa hewa, kwa hiyo hakuna rejeta ya kuzibwa na tope. Recon 250 ni ndogo yake, inasukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, nayo ina shafti. Umri wake usikutishe, ila piesi zake ni za kuagiza.

Halafu kuna zile kubwa za mkanda, kama Yamaha Grizzly na Polaris Sportsman. Zina nguvu, hazina gia za kubadilisha, na ni tamu kuendesha. Lakini mkanda ukilowa unateleza, ukichakaa lazima uagize wa namba ileile, na zile za miaka ya karibuni zina kompyuta ambayo fundi wa mtaani hana kifaa cha kuisoma. Ninaziheshimu, lakini kwa mwenye fedha kidogo huku kwetu sizipendekezi.

Ushauri wangu: Honda ya shafti ukiipata ikiwa na injini safi, ukiikosa, ya Kichina ya 200 au 250 yenye injini ya CG. Na kabla ya kutoa hata franka moja, chukua majina ya vitu vitano vya modeli unayoitaka, yaani viatu vya breki, beringi za magurudumu, kabureta, seti ya pistoni, na mkanda au mnyororo. Piga simu kwa wauzaji wa piesi mjini, kisha Lusaka, Dar es Salaam na Johannesburg. Uliza bei na siku za kufika. Vitatu vikikosekana, hiyo kwadi si yako.

Jambo dogo hapa: ukiletewa Honda ya zamani ya magurudumu matatu, ile yenye gurudumu moja nene mbele, usiichukue. Watengenezaji waliacha kuziuza Marekani mwaka 1988 kwa sababu ya ajali za kupinduka. Usiichanganye na ile ya mizigo niliyoitaja juu.

Hatua ya 3: Tafuta Juni au Julai

Kwadi hutokea kwenye minada ya makampuni ya madini na makandarasi wao, kwa wamishenari wanaorudi kwao, kwa wenye mashamba makubwa wanaobadilisha vyombo, na kwa wanaoingiza vitu kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Waambie mafundi wa mtaa wako. Wao husikia kabla yako.

Wengi huanza kutafuta Novemba, mvua zikianza na mbolea ikiwa bado iko mjini. Wakati huo muuzaji anajua una haraka. Mimi napenda Juni na Julai. Asubuhi za miezi hiyo baridi inaweza kushuka chini ya digrii 10, na injini iliyochoka haiwezi kuficha kitu asubuhi kama hiyo. Tena unabaki na miezi minne ya kuagiza piesi na kurekebisha kabla ya kupanda.

Hatua ya 4: Ikague ikiwa baridi, na uanze na chujio la hewa

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Nenda asubuhi, na uende na fundi wako, si wa muuzaji. Mlipe siku yake. Fundi niliyekwenda naye mara ya pili alinisimamisha mlangoni mwa lupango, yaani ua wa muuzaji: "Mama, weka mkono hapa kwenye injini kwanza. Ukiona ina joto, tunarudi kesho." Injini iliyopashwa moto kabla ya mnunuzi kufika inawaka kirahisi, na ugonjwa wake unalala.

Ile ya kwanza niliinunua bila fundi, kwa mkandarasi mmoja aliyekuwa anauza vyombo vyake. Ilikuwa imepakwa rangi upya. Nilifungua kisanduku cha chujio kama nilivyofundishwa, nikakuta chujio jipya kabisa, nikafurahi. Wiki ya sita ikaanza kumeza mafuta, kisha ikakosa nguvu ya kupanda kutoka kijitoni hata bila trela. Fundi alipoifungua, silinda ilikuwa na mikwaruzo ya kusimama kutoka juu hadi chini, na segmenti zimebaki nyembamba kama wembe. Bomba la kuingizia hewa lilikuwa jekundu kwa ndani. Ile mashine ilikuwa imekula vumbi la barabara kwa muda mrefu, na chujio jipya liliwekwa ili mimi nilione.

Kwa hiyo fanya hivi. Toa kiti, fungua kisanduku, tazama chujio, kisha litoe kabisa. Chukua kitambaa cheupe, kifunge kwenye kidole au kijiti, ukipitishe ndani ya bomba linalokwenda kwenye kabureta. Udongo wetu ni mwekundu, na hapo wekundu wake unakusaidia. Kitambaa kikitoka na weusi kidogo wa mafuta, endelea. Kikitoka chekundu, vumbi limekwisha kufika kwenye silinda, na bei unayoambiwa sasa ni bei ya fremu na magurudumu tu. Tazama pia kama bomba lenyewe limepasuka au kibano chake kimelegea, maana hewa isiyochujwa hupita hapo hata chujio likiwa zuri.

Baada ya chujio, mafuta ya injini. Chomoa kijiti cha kupimia. Mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yameingia maji. Mwenye chombo alivuka mto akazidisha. Paka tone kwenye karatasi nyeupe ulisogeze juani: chembe zinazong'aa ni chuma kinachosagika ndani. Meusi peke yake si neno, yanabadilishwa.

Kama ina kamba ya kuwashia, ivute polepole. Unapaswa kukutana na mahali inapogoma kwa nguvu, kisha inaachia. Ikija laini kama kamba ya kisima, mgandamizo umekwisha. Halafu iwashe usimame nyuma. Moshi wa buluu unaoendelea ni mafuta yanaungua. Moshi mweusi ni petroli nyingi, mara nyingi kabureta tu. Moshi mweupe wa asubuhi ya baridi ni mvuke, nao lazima uishe. Usipoisha kwenye injini yenye rejeta, maji yanaingia ndani. Iache iwake dakika kumi na tano bila kugusa mkono wa kuongezea mafuta. Nyingi zinazoficha kitu hukitoa hapo.

Mwisho, kipima umeme. Betri ikiwa imepumzika isome karibu volti 12.6, injini ikiwaka kwa mwendo wa kati isome karibu 14. Ikibaki 12 haichaji, na piesi za umeme za kwadi hazipatikani kirahisi.

Hatua ya 5: Lala chini

Vaa nguo za kazi. Inua mbele kwa jeki au gogo, shika gurudumu juu na chini, lisukume na kulivuta. Likicheza, ni beringi au viungo vya mkono wa gurudumu. Shika kushoto na kulia: likicheza hapo, ni vyuma vya usukani. Fanya hivyohivyo nyuma. Vitu hivi vinatengenezeka, lakini kila kimoja kina bei, na kila bei utaiondoa kwenye ile unayotajiwa.

Tazama vifuko vya mpira vinavyofunika viungo vya ekseli za mbele. Kilichopasuka kimeingiza mchanga, na kiungo kitaanza kugonga ukikata kona. Kisha fuata fremu kwa vidole: chini ya mahali pa kuwekea miguu, pale keria ya nyuma inapofungwa, na pale trela inaposhikiliwa. Ndipo zinapopasuka. Kuchomelewa vizuri mara moja hakunisumbui. Ninachokiogopa ni rangi mpya kwenye sehemu moja ya fremu nzee. Ikwangue kidogo kwa ufunguo uone kilichofichwa.

Hatua ya 6: Iendeshe kwenye njia mbaya

Muuzaji atakuonyesha barabara nzuri. Omba kilima, mchanga na shimo. Ingiza kila gia, ya kurudi nyuma ikiwemo, kwa sababu kwadi ya shamba isiyorudi nyuma utaichukia ukikwama kati ya vichuguu viwili na trela. Breki za mbele zijaribu peke yake, za nyuma peke yake, na ile ya kuegeshea ijaribu kilimani. Kama unaambiwa inavuta magurudumu yote manne, iingize kwenye mchanga mwingi na mtu asimame kando atazame kama ya mbele yanazunguka.

Hatua ya 7: Karatasi

Hapa usione aibu kumsumbua muuzaji, hata akiwa shemeji. Dai karatasi za ushuru wa DGDA, yaani idara ya forodha, na karata ya pinki, ile kadi ya usajili wa chombo, kama kwadi iliandikishwa. Namba iliyopigwa kwenye fremu ilingane na iliyo kwenye karatasi, herufi kwa herufi. Ikiwa imekwaruzwa au kupigwa juu ya nyingine, ondoka. Andikeni hati ya mauzo yenye namba ya fremu, namba ya injini, bei, tarehe, mashahidi wawili na nakala ya kadi ya mpiga kura ya kila mmoja, kisha mkaithibitishe kwa ofisi inayohusika. Chombo kisicho na karatasi za ushuru kinaweza kushikwa siku yoyote, na siku hiyo muuzaji hatapokea simu yako.

Hatua ya 8: Fedha

Usimalize fedha yote kwenye kununua. Ukiwa na dola 1,800, tafuta ya 1,200. Zile 600 ni za mipira, beringi, betri na safari ya piesi. Asiyeacha akiba hiyo huishia na kwadi nzuri iliyosimama chini ya mwembe. Kaa na fundi pembeni, jumlisheni mliyoyaona, kisha mtaje muuzaji orodha yenu moja baada ya nyingine kwa heshima: "Baba, beringi za mbele zimekwisha, betri haichaji, kifuko cha kushoto kimepasuka." Kwa uzoefu wangu, mtu hushuka mbele ya orodha kuliko mbele ya kelele. Noti zako ziwe safi. Dola iliyochanika kidogo tu hapa kwetu inarudishwa.

Ukishalipa, ipakie kwenye gari. Usiirudishe shambani kwa barabara ya lami: mipira yake na ekseli yake ya nyuma vimetengenezwa kwa udongo, na kwenye lami inayumba ukikata kona kwa kasi.

Hatua ya 9: Wiki ya kwanza

Badilisha mafuta ya injini na ya gia siku ileile. Osha chujio la sponji kwa sabuni, likauke, lilowanishe mafuta ya chujio, likamue. Kiangazi, kwenye vumbi letu, mimi nalitazama kila wiki. Weka chujio dogo kwenye mrija wa petroli, hasa kama unanunua kwa makadhafi, wale wauza petroli wa barabarani, ambao chupa zao huwa na maji na uchafu chini.

Mipira inahitaji neno lake. Mziba mipira wa kando ya barabara ataijaza kama ya gari, baa mbili, kwa nia njema kabisa. Mipira ya kwadi nyingi inataka karibu baa 0.3, na kiasi chake kimeandikwa ubavuni. Ikijaa sana inaruka kama mpira wa kuchezea na kukurusha. Tafuta kipimo cha hewa cha chini. Vile vya kawaida haviwezi kusoma kidogo hivyo.

Kisha mfundishe kila atakayeiendesha, sentineli (mlinzi) akiwemo. Kofia ngumu kichwani, mtu mmoja tu juu ya kiti, na kwenye mteremko usikate pembeni: panda moja kwa moja au shuka moja kwa moja. Kwadi ya kazi ina karibu kilo 200 au zaidi, na ikikulalia kifuani peke yako porini hakuna wa kuiinua. Mwenye umri chini ya miaka 16 asiguse hizi kubwa, hata akiwa mwanao anayekusihi. Nimewaambia wangu hapana, na ninaendelea kuwaambia.

Kuanzia Mei nyasi zinakauka, na kwadi ikipita ndani yake inazikusanya juu ya bomba la moshi na chini ya injini. Zikipata joto zinawaka, na moto huo unakwenda kwenye shamba la jirani kabla hujashuka. Kila unaposimama, zima, inama, toa nyasi kwa kijiti, na uiegeshe mahali palipofagiliwa.